Rangi Kali za Buibui: Ishara kwa Nani?

Neno «buibui» lina maana mbili mashuhuri: kiumbe mwenye miguu minane, na vazi jeusi la wanawake wa pwani. Maana ya pili isitupotoshe kuhusu ile ya kwanza, kwani buibui wengi watandao utando wana madoa ya manjano, mekundu au meupe. Hapo pana fumbo. Mtegaji hujificha; mbona huyu hukaa katikati ya mtego wake, akiwa amepambwa?

Mara nyingi wanafunzi hujibu kwamba rangi kali ni onyo kwa ndege. Jibu hilo lafaa kwa baadhi ya viumbe, lakini halitoshi. Mwaka 2002 Mark Hauber alitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Australia juu ya buibui wa miiba, Gasteracantha fornicata, mwenye mistari ya manjano mgongoni. Waliopakwa rangi nyeusi walinasa wadudu wachache kuliko wenzao. Huko Taiwan nako, I-Min Tso na wenzake waliona kwamba buibui Nephila wenye manjano hunasa zaidi kuliko weusi wa jamii ile ile. Basi manjano huvuta mawindo. Sababu inayotolewa ni kwamba maua mengi yana rangi hiyo, na nyuki huiona vizuri. Mdudu atafutaye chakula huyafuata madoa hayo, akaingia mtegoni.

Hata hivyo, tusiharakishe kutunga kanuni. Mwaka 2012 Felipe Gawryszewski na Paulo Motta, waliochunguza Gasteracantha cancriformis nchini Brazil, hawakuona kwamba rangi humwongezea mawindo. Buibui hao wawili ni wa jenasi moja, lakini majibu yao hayalingani.

Sisi wanaisimu hatuna budi kulitambua jambo hili. Ishara haina maana peke yake. Maana hutegemea anayeipokea. Jicho la nyuki halioni wekundu kama letu, bali huona miali ya urujuanimno tusiyoiona sisi. Ndege naye ana macho yake. Doa lile lile laweza kuwa ua kwa mmoja na tishio kwa mwingine. Kwa hiyo mwalimu anayeandika ubaoni kwamba «rangi kali ni onyo» ameacha swali la msingi: onyo kwa nani, na limethibitishwa kwa buibui yupi?