Lugha ya Swali katika Mahojiano ya Video na Wanamuziki wa Majaribio: Mifano kutoka Jinja na Mbale

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2015, eneo la Jinja limekuwa mwenyeji wa tamasha la Nyege Nyege, lililoanzishwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru. Tamasha hilo na lebo ya Nyege Nyege Tapes vimewafikisha mbele ya kamera wanamuziki ambao hawakuwa na nafasi kubwa katika vyombo vya habari vya kawaida. Kadiri mahojiano yao ya video yanavyoongezeka, ndivyo yanavyogeuka kuwa kumbukumbu ya kudumu ya sanaa yao. Makala haya yanaeleza namna istilahi za mahojiano hayo zinavyobadilika maana zinapovuka lugha, na yanadai kuwa lugha ya swali ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

2.0 Majina yanayovuka lugha

Waandaaji hueleza kuwa jina la tamasha linatokana na Luganda, ambako huashiria hamu isiyozuilika ya kucheza. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, neno nyege ni la ashiki ya mwili, wala halitamkwi mbele ya wakubwa. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo kwa hoja za maadili. Septemba 2022 Bunge nalo lilitaka lisimamishwe. Mara zote mbili serikali ililiruhusu hatimaye. Haidaiwi hapa kwamba jina ndilo lililozua mzozo. Linalodaiwa ni kwamba mjadala wa maadili unapolikuta jina la namna hiyo, ufafanuzi wa mwenye jina huchelewa kufika.

Mfano wa pili ni Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi lenye mizizi katika roki nzito, ambalo albamu yake ilitolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Katika Kigikuyu, jina hilo lina maana ya giza. Katika Kiswahili, duma ni mnyama mwenye mbio. Mtafiti anayetegemea Kiswahili pekee angeandika uchambuzi mzima wa kasi ya ngoma zao, na jina lenyewe likampita.

3.0 “Majaribio” na “chinichini”

Istilahi mbili zinazotumiwa kuwatambulisha wanamuziki hawa zina kasoro kubwa zaidi. Kwanza, jaribio ni jambo ambalo matokeo yake hayajathibitika. Embaire ya Busoga ni marimba kubwa inayowekwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake. Kundi la Nakibembe lilitoa albamu ya muziki huo mwaka 2023 kupitia lebo hiyohiyo. Kwa msikilizaji wa mbali, mfumano huo ni majaribio. Kwa Wasoga ni urithi. Mpigaji akiulizwa, “Majaribio yako yalianzaje?”, amekwisha kunyang’anywa jibu kabla hajafungua kinywa.

Hali ni hiyo Mbale. Ngoma za kadodi za Wamasaba huandamana na imbalu, jando ambalo hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili na kuzinduliwa katika uwanja wa Mutoto. Ngoma hizo zikipandishwa jukwaani pamoja na mitambo ya kielektroniki, jipya ni lipi: mdundo, au mahali unaposikiwa? Swali hilo hujibika vyema zaidi katika Lumasaba, lugha yenye majina ya sehemu za sherehe yenyewe.

Pili, kuuita muziki “wa chinichini” ni kuuvika vazi la siri. Neno hilo, ambalo kwa Kiingereza humaanisha sanaa iliyo nje ya soko kuu, katika Kiswahili huashiria jambo linalofichwa. Mshauri wa sera akilikuta katika ripoti, anaweza kudhani kuna uovu pasipo na uovu.

4.0 Nafasi ya Kiswahili

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, nchini humo lugha hii ilihusishwa kwa muda mrefu na jeshi na polisi, na neno mahojiano lenyewe hutumika pia kwa mtuhumiwa. Kuuliza kwa Kiswahili, basi, si dawa ya kila hali.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba swali liulizwe katika lugha ambayo msanii huitumia kuitaja kazi yake, iwe Lusoga, Lumasaba au nyingineyo. Jibu linukuliwe katika lugha hiyo. Na Kiswahili kitumike katika tafsiri ya maandishi chini ya picha, ili msomaji wa Zanzibar, Goma au Nairobi alifuate. Msanii aonyeshwe tafsiri hiyo kabla ya kutolewa, na nakala ihifadhiwe katika taasisi ya umma iliyo karibu naye. Gharama yake ni muda wa mfasiri. Bila hatua hizo, kumbukumbu itabaki na sura na sauti ya msanii, huku maneno yakiwa ya aliyemuuliza.