Nanga ya jino: kuvutwa si kuhama

NANGA (ngeli ya I-ZI) ni kifaa kizito kinachoteremshwa majini ili chombo kisichukuliwe na upepo wala mkondo. Kutokana na maana hiyo neno hili linafaa kubeba maana ya pili katika tiba ya kupanga meno: kitu imara kinachoshikilia upande mmoja wa kani ili jino lisogee upande wa pili. Makala haya yanaeleza jinsi nanga hiyo inavyotumika kurudisha nyuma meno ya mbele yaliyotokeza, na kwa nini vitenzi vinne, yaani kuvuta, kuinama, kuhama na kuzama, havipaswi kutumiwa kana kwamba ni visawe. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba meno yake “yatavutwa” hajaambiwa bado yatafika wapi.

Mitumbwi miwili

Mkazi wa Pasiansi, katika Wilaya ya Ilemela, jirani na mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, hahitaji maabara ili kuielewa nanga. Atazame mitumbwi miwili iliyoungwa kwa kamba juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Aliye katika mtumbwi mmoja akiivuta kamba, mtumbwi wa pili humjia, lakini wake nao husogea kuuendea. Ulio mwepesi ndio unaosogea zaidi. Kamba hiyohiyo ikifungwa kwenye jabali la ufukweni, ni mtumbwi peke yake unaosogea. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687: kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili.

Kinywani mambo ni hayohayo. Mara nyingi, ili kupata nafasi ya kurudisha meno sita ya mbele, daktari hung’oa gego dogo moja kila upande. Pengo likishapatikana, meno ya mbele huvutwa nyuma kwa kutegemea magego makubwa. Magego yana mizizi mingi, kwa hiyo ni mazito kusogea, lakini ni mitumbwi vilevile, si majabali. Nayo huja mbele kidogo kidogo, na pengo lililokusudiwa kwa meno ya mbele huzibwa kutoka pande zote mbili. Kwa lugha ya mabaharia, nanga imeburuzwa.

Jabali la kinywani ni parafujo. Hii ni skrubu ndogo ya aloi ya titani, yenye kipenyo cha kati ya milimita 1.2 na 2 na urefu wa kati ya milimita 6 na 12. Hukazwa kwenye mfupa wa taya kwa muda wa matibabu, aghalabu kati ya mizizi ya gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza. Mwaka 1983 Thomas Creekmore na Michael Eklund walieleza jinsi skrubu iliyowekwa chini ya pua ilivyotumika kupandisha meno ya mbele ya juu. Mwaka 1997 Ryuzo Kanomi wa Japani alieleza skrubu ndogo zaidi, yenye kipenyo cha milimita 1.2. Tangu hapo nanga ya aina hii imeenea duniani.

Kuinama na kuhama

Kupata nanga imara ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kamba ifungwe wapi kwenye kile kinachovutwa.

Chukua nguzo iliyosimikwa mchangani. Ikifungwa kamba kileleni na kuvutwa, nguzo haihami: kilele huja kwa mvutaji na kitako kilichofukiwa husukumwa upande wa pili. Nguzo imeinama. Ili nguzo nzima isogee ikiwa wima, mstari wa kani ungepaswa kupita mahali fulani chini ya mchanga, pale ambapo ukinzani wote wa mchanga unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika. Mahali hapo panaweza kuitwa kitovu cha ukinzani.

Jino lina kitovu hicho pia. Kwa jino la mbele lenye mzizi mmoja na mfupa wenye afya, kitovu kiko takriban theluthi moja ya urefu wa mzizi, kuhesabu kutoka ukingo wa mfupa kwenda kwenye ncha ya mzizi. Lakini waya hufungwa kwenye taji, sehemu ya jino inayoonekana, yaani mbali na kitovu. Kwa hiyo kani inayovuta taji huliinamisha jino: taji hurudi nyuma huku ncha ya mzizi ikibaki mbele au hata kusukumwa mbele zaidi. Kwenye kioo pengo limepungua na mgonjwa amefurahi, ilhali ndani ya mfupa kazi haijakamilika.

Daktari ana njia mbili za kuliepuka hilo. Ya kwanza ni kuongeza mkono mfupi wa chuma unaoinuka kutoka kwenye waya na kupita juu ya ufizi, ili kamba ifungwe karibu na kimo cha kitovu. Ya pili ni kutumia waya wenye pembe nne unaokaa kwa kubana ndani ya mfuo wa kibandiko cha jino. Waya huo ukipindwa, huzaa jozi ya kani zinazojaribu kulizungusha jino na hivyo kuuleta mzizi nyuma. Methali husema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Katika tiba hii, urefu wa nyenzo ndio unaoamua kama chombo kitakwenda au kitapinduka.

Kuzama

Parafujo ya taya la juu kwa kawaida hukaa juu kuliko waya. Kwa sababu hiyo kamba huvuta kimshazari: sehemu kubwa ya kani huelekea nyuma na sehemu ndogo huelekea juu. Sehemu hiyo ndogo inaweza kuyaingiza meno mfupani. Kitenzi kinachofaa ni kuzama, ingawa kinahitaji uangalifu. Katika mazoea ya Kiswahili kitu huzama kwa kwenda chini, bali jino la taya la juu huzama kwa kupanda. Afadhali mwandishi aseme “kuzama ndani ya mfupa” ili mwelekeo usizue shaka.

Kani si ubabe

Kuyarudisha meno sita ya mbele huhitaji, kila upande, kani ya takriban nyutoni 1.5 hadi 2, sawa na uzito wa gramu 150 hadi 200. Kuzamisha jino moja huhitaji kidogo sana kuliko hapo. Kati ya mzizi na mfupa mna tabaka la nyuzi lenye unene wa takriban moja ya tano ya milimita. Upande unaobanwa, seli humeng’enya mfupa. Upande unaonyooshwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husogea takriban milimita moja kwa mwezi. Kani ikizidi, damu hukosa njia katika tabaka hilo, mwendo hukwama na mzizi wenyewe unaweza kuliwa. Ombi la “kaza zaidi ili tumalize mapema” linatokana na kudhani kwamba kani na mwendo ni kitu kimoja.

Parafujo nayo si jabali kamili. Hushikwa na mfupa kwa kubanwa tu, huweza kuegemea kidogo, na baadhi hulegea kabla ya wakati, hasa ufizi ukivimba kwa uchafu. Kuupiga mswaki ufizi unaoizunguka ni sehemu ya kutia nanga.

Kipandikizi au parafujo?

Wapo watakaopenda kuiita skrubu hii “kipandikizi kidogo”. Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, katika zahanati nyingi za Tanzania kipandikizi ni kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Pili, kwa daktari wa meno kipandikizi ni mzizi bandia unaoshikana na mfupa na kubeba jino bandia daima. Parafujo nanga haibebi jino na haikai daima. Jina hili linataja umbo na kazi, na halimpi mgonjwa hofu wala tumaini lisilo lake.

Kitenzi cha kuiondoa nacho kichaguliwe kwa makini. Baharia hung’oa nanga anapoanza safari. Kinywani nanga huondolewa safari ikiisha, na neno “kung’oa” humkumbusha mgonjwa koleo. Kwa kuwa skrubu huzungushwa hadi itoke, “kufungua parafujo” ni sahihi zaidi.

Mifano ya matumizi

• Jino limeinama: taji limerudi nyuma, mzizi haujafuata.
• Jino limehama: taji na mzizi vimesogea pamoja.
• Jino limezama: limeingia zaidi ndani ya mfupa.
• Meno yamevutwa: kani imetiwa, matokeo hayajatajwa.

Mgonjwa akiulizwa kama ameridhia matibabu, mfano wa nne pekee haumtoshi. Anastahili kuelezwa pia kwa mmoja wa ile mitatu ya kwanza.