FEDHA ZA KAMPUNI ZIKAE WAPI?



Siku hizi hutujia ofisini wanachama waliokusanyika watu watano au kumi wakaanzisha kampuni ndogo: hawa wana vitalu vya miche, hawa wana gari la kuchukulia magunia, na wengine wanafanya biashara ya mdalasini na pilipili manga. Karibu wote huuliza suali moja: "Tufungue akaunti katika benki gani?" Suali hilo ni zuri, nasi tutalijibu kadiri tuwezavyo. Lakini liko suali jingine linalolitangulia, nalo ni hili: akaunti hiyo itakuwa ya nani? Hili la pili lilitufika sisi wenyewe, kwa hiyo tutaanza nalo.

Yaliyotufika

Miaka michache iliyopita sisi tuandikao makala hii tulikuwa katika kikundi cha watu 11. Tulichanga fedha za kununulia majamvi na za kuwalipa wachumaji, tukaziweka benki kwa jina la mshika fedha wetu, mtu mwaminifu ambaye hapana aliyemtilia shaka. Hatukutaka taabu ya karatasi. Karafuu zilipokuwa tayari kuchumwa, mwenzetu akafariki kwa maradhi ya siku 3. Tulimzika, tukamwombea, na kabla matanga hayajaondoka, wachumaji wakaja kutaka ujira wao wa pishi walizochuma.

Hapo ndipo tulipojua nini maana ya jina. Benki ilizifunga zile fedha, nayo haikukosea, kwani mbele yake zilikuwa mali ya maiti. Zikaingia katika hesabu ya mirathi. Sheria yasema deni hulipwa kabla ya warithi kugawana, nasi tulikuwa wadai. Lakini mdai hutakiwa ushahidi, na ushahidi wetu ulikuwa ni maneno ya midomo na daftari moja lililochanika kurasa. Ikatubidi tumwendee mjane naye yumo edani, tukamwambia kwa mlangoni kwamba katika fedha alizoacha mumewe zimo zetu. Hakutujibu kwa ukali. Alituuliza neno moja tu: "Ngapi?" Na sisi kwa sisi tukakhitilafiana pale pale.

Fedha tulizipata baada ya miezi 7. Msimu ulikwisha kupita. Wachumaji walikwenda kwa watu wengine, na karafuu zetu nyingine zilichanua mitini. Na kila mkulima ajua kwamba karafuu iliyochanua haina thamani tena. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila khabari. Nasi twaongeza kwamba hata lenye daftari hupotea, ikiwa limeandikwa jina la mtu mmoja.

Kampuni ni mtu

Mbele ya sheria kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbali na wenyewe. Yaweza kumiliki gari, kudai na kudaiwa. Na mwanachama wake akifa, yeye hurithiwa hisa zake tu, wala kampuni haizikwi pamoja naye. Lakini ulinzi huu ni bure ikiwa fedha za kampuni zimelala katika akaunti ya Mwenyekiti pamoja na ada za skuli za watoto wake.

Basi kwanza kampuni isajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, ipate cheti chake. Kisha itafutwe namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara. Benki itataka kuviona vitu hivyo, pamoja na katiba ya kampuni, vitambulisho vya wakurugenzi na picha zao, na azimio la mkutano, lililoandikwa na kutiwa sahihi, lisemalo kwamba kampuni imekubali kufungua akaunti na kwamba fulani na fulani ndio watakaotia sahihi. Chukueni nakala za kila karatasi. Atakayekwenda benki Chake Chake kutoka Konde au Kengeja na karatasi moja ikapungua, nauli yake imepotea.

Hesabu ya gharama

Sasa twende kwenye suali la benki. Chake Chake leo yako matawi ya benki zaidi ya moja. Iko Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966 na ambayo ni mali ya Serikali. Na wako CRDB na NMB kutoka Tanzania Bara. Hatutamwambia mtu aende hii na aache ile, kwani benki imfaayo mwenye duka si lazima imfae mwenye shamba. Mwenye duka huweka fedha kidogo kidogo kila siku. Sisi fedha zetu huja kwa wingi tunapouza karafuu kwa Shirika, hutoka upesi kwa wachumaji na wapaliliaji, kisha akaunti hukaa kimya miezi mingi.

Kwa sababu hiyo ulizeni mambo matatu: makato ya kila mwezi ni kiasi gani, kutoa fedha mara moja ni kiasi gani, na akaunti isiyoguswa hufanywa nini, kwani benki huweza kuihesabu kuwa imelala na ikawa kuiamsha kwataka barua na safari.

Tutoe mfano, na hesabu hizi ni zetu, si za benki yoyote. Tuseme benki ya kwanza hukata shilingi 10,000 kila mwezi, na shilingi 2,000 kila mkitoa fedha. Benki ya pili haikati kitu kwa mwezi, ila hukata shilingi 8,000 kila mkitoa. Mwaka wa mavuno mengi mnachuma wiki 13, na kila wiki mnatoa fedha mara 2. Yaani mara 26. Benki ya kwanza itawagharimu shilingi 172,000 kwa mwaka, na ya pili shilingi 208,000. Lakini mwaka wa mavuno haba mkichuma wiki 8 na kutoa mara moja kwa wiki, ya kwanza itawagharimu shilingi 136,000 na ya pili shilingi 64,000 tu. Nasi sote twaijua mikarafuu: mwaka huu huzaa ikaelemewa, na mwaka ujao ikanyima. Basi chukueni daftari zenu za misimu 4 iliyopita, mzihesabu, ndipo mchague.

Tazameni pia kama benki ina wakala karibu na kijiji chenu, na ulizeni wakala huyo aweza kutoa kiasi gani kwa siku. Wakala mwenye shilingi laki 3 hawezi kuwalipa wachumaji 40.

Riba na majina yake

Wengi hawataki fedha zao zichanganyike na riba. Kwa hao yako mafungu ya benki yanayofuata sharia: Benki ya Watu wa Zanzibar ina fungu lake, na CRDB ilianzisha la kwake, liitwalo Al Barakah, mwaka 2021. Akaunti ya kawaida ya biashara aghalabu haitoi riba. Jambo la kuliangalia sana ni mkopo. Katika njia ya kisharia benki hununua gari, kisha huwauzieni kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo.

Hata hivyo someni mkataba, msisome jina tu. Wazee wetu waliijua bei ya khiyari. Mkulima aliyehitaji fedha aliuza shamba kwa sharti kwamba akizirejesha atarejeshewa shamba lake. Naye hubaki humo humo akilipa kodi. Riba haikutajwa, lakini ile kodi ndiyo iliyofanya kazi ya riba, na mashamba mengi yakaelemewa na madeni, hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatoa amri za kuzuia mashamba yasizidi kuwatoka wenyewe.

Salama ya amana

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki 5 kwa kupungukiwa na mtaji, na mojawapo ilikuwa benki ya ushirika wa wakulima wa Kagera, nchi ya kahawa. Wakulima wenzetu wale hawakufanya kosa lolote. Iko Bodi ya Bima ya Amana inayowalipa wenye akaunti benki inapofungwa, lakini kwa kiwango maalumu, nacho ni shilingi 7,500,000 kwa mwekaji mmoja katika benki moja. Mwenye zaidi ya hizo na afikirie kuzigawa.

Sahihi tatu

La mwisho ni la sahihi. Wekeni watu watatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili wowote. Wasiwe wote wa nyumba moja, wala wasiwe wote wakaao Unguja. Namba ya siri ya simu isijulikane na mtu mmoja akaizuia au akaitumia peke yake, na khabari za kila fedha inayotoka zimfikie zaidi ya mmoja. Akifa mmoja au akihama, andikeni azimio jipya wiki hiyo hiyo.

Kikundi chetu sasa ni kampuni, na akaunti ina jina lake wenyewe. Mmoja wa watia sahihi watatu ni yule mjane. Tulimchagua kwa sababu siku ile alipotuuliza "Ngapi?", hapana miongoni mwetu aliyekuwa na jawabu, na yeye ndiye aliyekuja kuipata, kwa kuzipanga risiti za marehemu moja moja. Mwanachama aliye na fedha za wenziwe katika akaunti yake hivi leo, tafadhali asingoje msimu. Na aje ofisini na daftari lake, tumsaidie kuandika azimio.