Baiskeli ya Babu Yaenda Bara: Tazama Shina na Kotapini Kabla ya Rangi



Nyumba nyingi za pwani zina baiskeli kuukuu iliyoegemezwa uani au chini ya ngazi. Aghlabu huwa Raleigh ya Nottingham, au Hero ya Ludhiana kule India, au mojawapo ya zile nyeusi nzito ambazo Wakenya wamezipachika jina la Black Mamba. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, na warithi hawana moyo wa kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisha mjukuu anapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, au Zetech pale Ruiru, au JKUAT iliyo Juja katikati ya miji hiyo miwili. Chumba cha kupanga kiko mbali na darasa, nauli ni ya kila siku, na ghafla baiskeli ya babu inakumbukwa. Inasuguliwa, inapakwa rangi, inatiwa kiti kipya cha ngozi, inapakiwa juu ya basi.

Hatuna ugomvi na pambo. Chombo cha kale kikitunzwa kwa mapenzi hupendeza, na vijana wa siku hizi wanaofufua baiskeli za zamani wanastahiki kusifiwa. Lakini rangi huficha ufa, na ziko sehemu mbili katika baiskeli ya kale ambazo zikivunjika mwendoni hazimpi mpandaji muda hata wa kupiga breki. Ya kwanza ni shina la usukani, yaani ule mti wa chuma ushukao kutoka kwenye usukani na kuzama ndani ya bomba la uma wa mbele. Ya pili ni mkono wa pedeli pamoja na kotapini yake. Mzazi anayemtuma mwanawe bara na baiskeli hana budi kuzijua mbili hizi, hata kama hajawahi kushika spana maishani mwake.

Tuanze na shina. Katika baiskeli hizi shina halishikwi kwa nje. Hukaa ndani ya bomba, na bolti ndefu ipitayo katikati yake huvuta kabari ya chuma juu, kabari ikalitanua shina au kulibana ubavuni mwa bomba. Kwa hiyo usalama wote umo mahali pasipoonekana, na hapo ndipo hewa yetu ya chumvi hufanya kazi yake kimyakimya. Baiskeli iliyokaa miaka ishirini Lamu au Mombasa yaweza kung'aa juu ilhali bolti ya ndani imeliwa na kutu hadi nusu ya unene wake. Hakuna njia ya kujua ila kulitoa shina lote nje. Fundi hulegeza bolti mizunguko michache, akaigonga kichwani kwa nyundo ya mbao ili kabari iachie, kisha akalivuta. Likikataa, atie mafuta ya kulainisha kutu alilaze hadi kesho. Akitoka na shina mkononi, mama simama karibu uliangalie: ufa mwembamba kama unywele, hasa karibu na kabari, ni sababu tosha ya kulitupa. Lisichomelewe. Bolti iliyoliwa nayo hubadilishwa, na mpya hupakwa grisi kabla ya kurudishwa.

Kipimo ni jambo jingine. Mashina ya Raleigh na jamaa zake yana kipenyo cha milimita 22.2, ilhali baiskeli nyingi za kale za Ufaransa zilitumia milimita 22.0. Tofauti hiyo macho hayaioni. Shina nene likilazimishwa kwa nyundo hulikwaruza na kulitanua bomba, na jembamba likitiwa mahali pa nene huzunguka usukani ukikamatwa kwa nguvu. Basi fundi apime kwa kifaa, asipime kwa jicho.

Akina dada wengi wenye kuvaa buibui hupendelea kuketi wima, na kwa sababu hiyo huomba usukani uinuliwe. Ombi ni la haki. Hatari ni kuinua kupita kiasi. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka shina liwe na alama ya mwisho wa kuinuliwa, na alama hiyo isiwe chini ya mara mbili na nusu ya kipenyo cha shina kutoka ncha yake ya chini. Kwa shina la milimita 22.2, hiyo ni takriban milimita 56. Mashina mengi ya zamani hayana alama. Kwa tahadhari, urefu wa vidole vinne vya mtu mzima ubaki ndani ya bomba, na mstari uchorwe kwa rangi. Usikatwe kwa tupa, maana mkato huzaa ufa. Anayetaka juu zaidi ya hapo anunue shina refu. Kipande cha bomba la maji kilichochomelewa juu ya shina fupi tumekiona, na hatuoni aibu kusema kuwa ni balaa.

Kwa baiskeli zenye breki za fimbo kuna tanbihi. Usukani ukiinuliwa, fimbo ya breki ya mbele hupanda pamoja nao na kuzivuta raba zigande kwenye rimu. Fundi mwenye haraka hulegeza fimbo ili gurudumu lizunguke, akaiacha hivyo hivyo. Gurudumu linazunguka kweli, ila breki haipo tena. Fimbo irekebishwe urefu kwenye kibano chake, na breki ijaribiwe mbele yako.

Sasa miguuni. Mkono wa pedeli wa baiskeli ya kale hufungwa kwenye ekseli kwa kotapini, kipini cha chuma chenye ubavu mmoja uliochongwa bapa. Za Raleigh kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 9.5. Watu hudhani nati ndiyo inayoibana, na huikaza mpaka inakatika. Kotapini hubanwa kwa kugongwa, huku mkono wa pedeli umeegemezwa juu ya kitu kigumu ili pigo lisiziumize gololi. Nati huja baadaye kuizuia isirudi. Mbili hizo hutiwa kwa kuelekeana kinyume, vinginevyo pedeli hazikai mstari mmoja. Ukisikia mgoto mmoja katika kila mzunguko wa miguu, kotapini imelegea au imepinda, na kuendelea kuendesha hulila tundu la mkono wenyewe.

Wengine hutaka mikono ifupishwe, kwa mtoto au kwa mwenye maumivu ya goti. Yawezekana kutoboa tundu jipya na kulikata hesi, ila kwa mkono wa chuma mnene tu, na fundi akumbuke kuwa pedeli ya kushoto ina hesi ya kinyume. Kukata mkono katikati na kuuunganisha kwa kuchomelea ni jambo la kukataliwa moja kwa moja. Na anayetaka kuondoa kotapini kabisa aweke ekseli ya kisasa ajue kuwa Raleigh nyingi zina hesi 26 kwa inchi pale chini ya fremu, ilhali vipuri vya kawaida vina 24. Kulazimisha huiharibu fremu ya babu milele.

Yote haya yana uzito zaidi huko kuliko kwetu. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na njia hushuka kwenye mabonde ya mito kisha hupanda. Barabara kuu iliyozinduliwa mwaka 2012 imejaa malori na matatu, na mpandaji anayesimama juu ya pedeli kupanda mlima ndiye anayeikamua kotapini na kuuvuta usukani kwa nguvu zake zote. Dawa nafuu iko nyuma: badala ya friwili ya meno 18, itiwe ya meno 22. Kwa meno 44 mbele na gurudumu la inchi 28, mzunguko mmoja wa miguu uliokuwa ukisogeza karibu mita 5.4 utasogeza karibu 4.4, na goti litashukuru. Cheni huenda ikahitaji kuongezwa pingili.

Kwa binti, bokisi la kufunika cheni na wavu wa kuzuia nguo kwenye gurudumu la nyuma si urembo. Buibui likinaswa humwangusha mtu upesi kama breki mbovu.

Wapo pia wanaofufua baiskeli hizi kwa biashara. Fiqhi imempa mnunuzi khiari ya aibu, haki ya kurudisha kitu chenye kasoro aliyofichwa, na kupaka rangi juu ya ufa ni ghushi iliyo wazi. Muuzaji atoe shina na kotapini, mnunuzi avione kabla ya pesa kushikwa.

Baiskeli ikishafika na kuendeshwa kilomita hamsini za kwanza, kotapini zigongwe tena na nati zikazwe, kwani kipini kipya hujikalia polepole. Kisha kijana asimame mbele ya baiskeli, alibane gurudumu baina ya magoti, aupinde usukani kushoto na kulia kwa nguvu ya kawaida ya mikono. Ukizunguka peke yake, siku hiyo aende darasani kwa miguu.