Mlango wa Marubani: Ulinzi Wenye Pande Mbili

Kila askari aliyepata kulinda ghala la silaha ajua kwamba kufuli haliulizi nia ya mwenye ufunguo. Katika ndege za abiria upo mlango mmoja mwembamba, ule unaowatenga marubani na abiria, ambao umelithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa.

Zamani mlango huo ulikuwa mwepesi, na mara nyingi haukufungwa. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege aina ya Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Uingereza ilikuwa safarini kutoka London kwenda Nairobi. Ilipokuwa katika anga ya Sudan, abiria mmoja aliyerukwa na akili aliingia kwa marubani akaung'ang'ania usukani. Ndege yenye watu karibu 400 ikaporomoka maelfu ya futi. Rubani msaidizi alipambana naye. Nahodha, aliyekuwa mapumzikoni, akarudi mbio, na abiria wakasaidia kumtoa mtu yule. Walitua Nairobi salama.

Miezi isiyotimia tisa baadaye, tarehe 11 Septemba 2001, watekaji walizitwaa ndege nne nchini Marekani, wakaua watu wapatao 3,000. Ndipo mataifa yalipokubaliana kwamba tangu Novemba 2003 ndege kubwa za abiria ziwe na mlango usiopenywa na risasi wala vipande vya bomu la mkono.

Mlango huo mpya una akili yake. Nje pana kibao cha tarakimu. Mhudumu akibonyeza namba ya dharura, kengele hulia ndani. Marubani wakiwa wamezimia na hapana ajibuye, kufuli huachia kwa sekunde chache. Lakini aliye ndani akiona hatari, huibana swichi, na kibao cha nje hakifanyi kazi tena kwa muda.

Basi, itakuwaje hatari ikiwa ndani? Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya Msumbiji iliyotoka Maputo kwenda Luanda iliangushwa kaskazini mwa Namibia na nahodha wake mwenyewe, baada ya msaidizi wake kwenda msalani. Chombo cha kunasa sauti kilihifadhi vishindo vya mtu akigonga mlango. Watu wote 33 walikufa. Februari 2014, rubani msaidizi wa ndege ya Ethiopia alimfungia nahodha nje, akaipeleka Geneva badala ya Roma, akashuka kwa kamba dirishani na kuomba hifadhi, hakuna aliyedhurika. Mwaka 2015, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, watu 150 walikufa kwa hila iyo hiyo.

Ulaya ikashauri upesi kwamba chumbani wasipungue watu wawili. Mwaka uliofuata ikalegeza shauri hilo. Sisi twaona kulegeza huko kulikuja mapema mno. Mlinzi wa pili si tusi kwa wa kwanza.

Wenye kazi ya ulinzi wataitambua saa ya udhaifu: ni ile ya kubadilishana zamu. Rubani atokapo, mlango hauna budi kufunguliwa, na kwa nukta chache chuma chote kile ni bure. Ndiyo maana katika baadhi ya mashirika mhudumu hukiweka kigari cha chakula katikati ya ujia, akasimama nyuma yake akiwatazama abiria. Marekani iliamuru mwaka 2023 kwamba ndege mpya za abiria zitengenezwe na kizuizi cha pili. Afande asafiriye kiraia, amwonapo mhudumu amesimama hivyo, na akae kitini hadi mlango ufungwe.