Hapana wawili wa nyumba moja

Ndugu musomaji, unajua vile inakuwa shimo likianguka. Mutu mumoja analia chini, na mara moja baba yake, wadogo zake na mashemeki wote wanataka kuingia. Ni upendo. Lakini hewa mbaya ya chini inaweza kuwamaliza mumoja nyuma ya mwingine, na mama mumoja akalia watu 4. Leo nitakuambia habari ya muji mudogo wa wavuvi. Uko mbali na sisi, lakini kilio chao tunakijua.

Muji ule ni Mousehole, katika Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Katika inchi ile kuna shirika la kuokoa watu baharini, RNLI, tangu mwaka wa 1824. Linaishi kwa sadaka. Wengi wanaotoka na mashua zake hawapati mushahara: ni wavuvi, mafundi, wachuuzi. Wakiitwa, wanaacha chakula mezani.

Tarehe 19 Desemba 1981, meli mupya Union Star ilikuwa katika safari yake ya kwanza, imebeba mbolea. Maji ya bahari yakaingia katika mazuti, motere ikazimika. Ndani mulikuwa watu 8: kapiteni, wafanyakazi 4, bibi ya kapiteni na binti 2. Mawimbi yalifika kimo cha metre 18. Helikopta ilijaribu kuwavuta, ikashindwa.

Pale Mousehole, Trevelyan Richards, mukubwa wa mashua Solomon Browne, alichagua watu 7. Kijana wa miaka 17 alikuwa tayari kwenda, lakini baba yake alikuwa amekwisha kuchaguliwa. Richards akamukatalia: usiku wa namna hii, hapana wawili wa nyumba moja.

Saa mbili na dakika 12 ya usiku wakashuka. Wakajaribu kusogea mara kwa mara. Mawimbi yakaitupa mashua hata juu ya meli yenyewe. Kisha wakasema kwa radio: wamekwisha kupata watu 4. Wengine walikuwa bado melini, nao hawakuwaacha. Kisha, kimya. Wote 16 walikufa.

Kwa siku moja tu, watu wa kutosha walijitoa kuunda kundi jipya. Yule kijana alikomaa, naye akawa mukubwa wa mashua ya kuokoa ya pale. Kila tarehe 19 Desemba muji unapunguza mataa yake ya Noeli kwa ukumbusho.

Musomaji, Richards hakupunguza upendo. Alikwenda yeye mwenyewe. Lakini alifikiri pia mama anayebaki nyumbani. Basi ninyi wa karibu na mashimo, musemezane leo, mukingali na amani: nani ataingia, nani atabaki, sauti ya nani itasikiwa. Siku ya kilio hakuna mwenye kusikia. Jioni hii musome Yohana 15:13 pamoja nyumbani, na mujiulize: sisi tumejitayarisha?