Lapi ya Ex-UK Haina Makosa

Kama uliokota lapi ya ex-UK pale Moi Avenue, kuna chansi kubwa ni HP EliteBook 840 G3 ama ThinkPad ya rika hiyo. Mashine ni fiti, ngori iko kwa Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga hesabu na Windows 10, na Windows 11 ikicheki prosesa ya generesheni ya sita ya hizi lapi inasema zii. Sasa wasee wanaanza: "Manze uza hiyo kitu, jitafutie Mac." Na doh ya nani?

Kabla utoe ganji, jaribu Linux Mint mahali pa Windows, ile nyepesi ya Xfce. Ni bure, haiulizi chipu ya TPM kama Windows 11, na kwa RAM ya 4GB inatembea bila kuhema. Na usifute kitu bado. Tafuta flashi ya 8GB, dunga Mint ndani na programu ya Rufus, zima lapi, iwashe ukifinya F9 kama ni HP ama F12 kama ni ThinkPad, uingie Linux ikitokea kwa flashi tu. Cheki kama Wi-Fi inashika na sauti inatoka. Ikikuboo, chomoa flashi, Windows yako iko vile uliiacha. Faili ya Mint ni karibu 3GB, kwa hivyo usiishushe na bando yako, enda uosheke na Wi-Fi ya chuo.

Chenye kinanibamba kwa Linux si ati unakaa haka mbele ya madem. Ni juu seva mob zenye zinabeba wavuti ni Linux, na ukizoea teminali saa hii, siku utapewa seva haina ata kipanya hutatoka jasho. Python unaipata ikiwa ndani. Git ni laini moja: sudo apt install git. Msee alianzisha Linux 1991 akisoma Helsinki, Linus Torvalds, ndio huyo huyo alitengeneza Git 2005. Buda hakai bure.

Uko na lapi mpya ya Windows 11 na RAM ya 16GB? Wacha kujitesa. Fungua PowerShell kama admini, andika wsl --install, Ubuntu inakaa ndani ya Windows na Word ya asaimenti bado unayo. Kwa 4GB usithubutu, italala.

Mac ni moto, siwezi danganya, na chini yake ni Unix. Lakini kitu moja tu inaeza fanya ukope juu yake: kutengeneza apu za iPhone, juu Xcode haishuki kwingine. Za Android unaundia popote, ila Android Studio inataka RAM ya 8GB kuenda juu. Hapo fundi wa Luthuli anakuongezea stiki ukingoja. Ile G3 inabeba DDR4, asikudungie story za DDR3.